Vyungu vya Nzi Shikomeni kwa Maduhu

Kila jioni Mzee Maduhu alifagia shikome. Shikome ni mahali pa moto katika ua, mbele ya nyumba. Hapo wanaume wa Kisukuma huketi jioni, huota moto, hula na kuzungumza. Maduhu alifagia, akawasha kuni, akapanga vigoda vinne kuuzunguka moto. Halafu alikalia kimoja, akabaki akivitazama vile vitatu.

Hakuja mtu. Jana hakuja mtu, na juzi pia.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa 1953, upande wa Tinde, Shinyanga. Mtama ulikuwa umesimama vizuri shambani, na ng'ombe walikuwa wameshiba majani. Mpita njia angesema mwenye mji ule, yaani boma lile, ni mtu wa raha zake. Lakini mpita njia haoni moyo wa mtu.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Kulikuwa na miji minne iliyopakana: wa Maduhu, wa Mihayo, wa Mageni na wa Masele. Wanaume wanne hao walikula pamoja kila jioni kwa miaka thelathini. Walikula kwa Maduhu, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Kila mke alipika kwake, kisha akaleta chakula pale. Huyu alileta mlenda, yule maziwa ya mgando, mwingine nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Mke wa Maduhu, Nyamizi, alisonga ugali mkubwa kuliko wote. Masele alikuwa akimtania kwamba ugali ule ungefaa kufungia zizi.

Mwezi wa kwanza, mvua zilipokuwa kali, Nyamizi aliugua. Alihara damu siku tano. Maduhu alimpakia kwenye gari la ng'ombe, akampeleka zahanati. Walichelewa. Nyamizi alifia njiani, kabla hawajafika.

Mganga wa zahanati alimpa Maduhu pole, kisha akamwuliza, "Mzee, kwako kuna nzi wengi?"

"Kuna mji wa ng'ombe usio na nzi?" Maduhu alijibu.

"Nzi hutua chooni," mganga alisema. "Akitoka hapo hutua kwenye chakula. Ugonjwa huu hubebwa na miguu ya nzi. Jihadhari."

Maduhu alimzika mkewe karibu na zizi, kama ilivyo desturi. Majirani walikuja, wakalia naye, wakakaa naye siku zote za matanga. Lakini lile neno la mganga halikumtoka. Kila alipoona nzi alihisi hasira. Alikuwa na adui, na adui alikuwa akitembea juu ya ugali wake.

Ndipo alipokumbuka jambo. Mwaka uliopita alikwenda Geita kumtembelea mwanawe, Stanslaus, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Kule, nyuma ya jiko la wakubwa wa mgodi, aliona debe lenye kifuniko. Kifuniko kilikuwa na tundu dogo. Ndani mlikuwa na maji na samaki waliooza. Nzi walikuwa wakiingia kwa wingi, na wote walikufa humo.

"Nzi akiingia hatoki," mpishi alimwambia siku ile. Maduhu alicheka, akaenda zake. Hakuuliza zaidi.

Sasa hakucheka. Debe hakuwa nalo. Aliingia jikoni, akatoa vyungu vitano vya marehemu mkewe. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akivitumia. Akavitia maji, matumbo ya mbuzi kutoka kwa muuza nyama, na vichwa vya kambale. Akafunika kila kimoja kwa kipande cha ngozi chenye tundu. Halafu akasimika miti mitano na kuvitundika. Alivitundika wapi? Pale pale, kuizunguka shikome! Alifikiri hivi: watu hula hapa, basi nzi wauawe hapa, wasiwaguse wenzangu. Ilikuwa nia njema ya mtu aliyeona debe mara moja tu, kwa mbali, akadhani ameelewa yote.

Nzi walikuja. Walikuja wa hapo, wakaja na wa miji mingine. Vyungu vilijaa. Maduhu alifurahi. Kila siku ya mnada alileta matumbo mapya. Yale ya zamani aliyamwaga chini ya mti, akatia mengine.

Nyani haoni kundule, na mwenye uvundo hausikii. Siku tatu za kwanza Maduhu alisikia harufu. Siku ya nne pua yake ilizoea, na tangu hapo hakusikia kitu.

Majirani walisikia. Masele alikuwa wa kwanza kuacha kuja. Alisema mguu unamwuma. Mageni alisema ana ng'ombe anayekaribia kuzaa, na ng'ombe huyo alichukua wiki tatu akikaribia tu. Mihayo alivumilia siku kumi na moja. Alikula haraka, akajibu maneno machache, akaaga. Siku ya kumi na mbili naye hakuonekana. Baadaye Maduhu akaanza kusikia vicheko vyao ng'ambo ya ua wa minyaa. Walikuwa wakila kwa Mihayo.

Maduhu aliwaza sana. Mwishoni akapata jibu, na jibu lenyewe lilimwumiza.

"Ni ugali," alijiambia. "Nyamizi hayupo. Kwangu hakutoki kitu. Nani atamlisha mtu mzima kila siku, naye haleti hata tonge?"

Hakuwachukia. Aliona aibu. Kwa hiyo hakuthubutu kwenda kwa Mihayo. Jioni alitafuna michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na kunywa maji. Alikula peke yake, akalala mapema. Wakati mwingine alijikuta akisema jambo kwa sauti, kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumjibu.

Siku moja Paskalia, mke wa Mageni, alimletea barua. Paskalia alisoma shule ya misheni, na ndiye aliyewasomea watu barua. Lakini siku ile hakuingia uani. Alisimama nje, penye mwanya wa minyaa, akajiziba pua kwa kanga.

"Una mafua, mama?" Maduhu aliuliza.

"Kidogo tu, baba," alisema Paskalia. Akasoma upesi. "Baba, shikamoo. Najua unaishi peke yako. Mwezi wa sita nitakuja kukuchukua. Ng'ombe atakuja kuwachukua baba mdogo. Mji tutaufunga. Mimi mwanao, Stanslaus."

Paskalia aliikunja barua, akaiweka juu ya jiwe, akaondoka.

Maduhu hakutaka kwenda Geita. Kaburi la Nyamizi lilikuwa hapa. Mji huu aliujenga kwa mikono yake. Lakini abaki na nani? Jioni ile aliamua moyoni. Kama mpaka mwezi wa sita hakuna hata mtu mmoja atakayekuja kuketi kwenye vigoda hivi, basi ataondoka na mwanawe. Hakutaka kufa mahali ambapo hakuna wa kumwuliza ameamkaje.

Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, bwana afya mpya alifika na baiskeli. Jina lake Donatus. Alikuwa kijana Mzinza kutoka Chato, mwenye kaptula ya kaki na mfuko begani. Kazi yake ilikuwa kupita mji hadi mji, kukagua vyoo na visima na kufundisha watu. Aliegemeza baiskeli kwenye minyaa, akaingia uani. Hapo hapo akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwangaluka," alijibu Maduhu, akimwamkia kwa Kisukuma. Alisimama haraka, akafuta kigoda kwa mkono. Ilikuwa siku nyingi hajapata mgeni. "Karibu, karibu ukae."

Donatus hakukaa. Macho yalikuwa yakimtoka machozi. "Mzee, samahani. Kuna kitu kimekufa hapa?"

"Alikufa mke wangu," alisema Maduhu. "Mwezi wa kwanza."

Donatus aliona haya sana. "Pole, baba. Pole sana. Sikujua. Mimi nauliza habari ya hii harufu."

"Harufu gani?"

Donatus alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akavisogelea vile vyungu, akachungulia kimoja, akarudi nyuma haraka.

"Hii ni mitego ya nzi?"

"Ndiyo!" Maduhu alifurahi kuulizwa. Alimweleza yote: kuhara kwa Nyamizi, neno la mganga, debe la mgodini. "Nawaua kila siku. Lakini ni ajabu, bwana. Kadiri ninavyowaua ndivyo wanavyoongezeka."

"Nipe kijiti," alisema Donatus.

Alichuchumaa chini ya mti mmoja, mahali Maduhu alipozoea kumwaga matumbo ya zamani. Udongo ulikuwa mweusi na wenye majimaji. Donatus aliufukua kidogo. Ndani mlijaa funza weupe wakijipindapinda. Aliufukua tena pembeni, palipokuwa pakavu. Vikatoka vitu vidogo vya kahawia, vingi, ukubwa wa punje za mtama.

"Unavijua hivi?"

"Mbegu?"

"Ni nzi, mzee. Nzi hutaga mayai mia na zaidi kwenye uchafu. Kesho yake mayai huwa funza. Funza hula uchafu huo siku chache, kisha hujificha udongoni na kujifunga ganda kama hili. Ukihesabu tangu yai, baada ya siku kumi hivi nzi mpya anaruka. Wewe umewatilia chakula, na maji, na mahali pa kulala." Donatus alishindwa kujizuia, akatabasamu. "Nyinyi Wasukuma mnasifika kwa kufuga. Lakini wewe, baba, umepita wote. Una kundi ambalo hata Chifu hana."

Maduhu aliviangalia vile viganda kwa muda mrefu. Hakucheka.

"Mimi ndiye niliyewalisha," alisema. "Hawa hawa waliomwua."

Donatus aliacha utani. Akaketi chini karibu naye, uvundo ule ule ukiwapo. "Hukujua, baba. Mtego wenyewe si mbaya. Umeukosea mahali. Kitu kinachonuka huita nzi kutoka mbali. Ukikiweka mahali pa kula, umewaita nzi mezani. Mtego hukaa mbali na nyumba, mbali na jiko, mbali na watu. Hilo debe la mgodini ulilionea wapi?"

Maduhu alifikiri. "Nyuma kabisa. Karibu na shimo la taka."

"Umeona?"

Kisha Donatus akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna jambo jingine. Asubuhi nilikuwa kwa Mihayo. Nilipomwambia nakuja huku, alinikataza. Alisema nisiingie, kwako kuna dawa."

"Dawa gani?"

"Wanasema umetundika vyungu vya marehemu na vitu vya kuoza ndani yake. Wanasema unamtafuta mtu aliyemwua mkeo. Wanaogopa kwamba unawatafuta wao."

Maduhu aliduwaa. Alitazama vyungu, akatazama vigoda. Alivitazama kwa macho ya Mihayo, na kwa mara ya kwanza akaona kile alichokiona Mihayo. Vyungu vya mtu aliyekufa vikining'inia, na nzi weusi juu yake.

"Kwa nini hawakuniuliza?" alisema.

"Mimi ni mgeni," alisema Donatus. "Lakini nadhani wewe unajua."

Maduhu alijua. Mtu hamwulizi mwenzake habari za dawa yake. Ukiuliza, umeonyesha kwamba unaogopa. Na anayeogopa, watu watasema ana la kumwogofya. Hata yeye asingeuliza. Angesingizia mguu, au ng'ombe.

Aliinuka kwa ghadhabu, akashika chungu cha kwanza. "Leo hii navizika vyote!"

"Ngoja, baba," Donatus alimshika mkono. "Ukivizika peke yako, kesho watasema umezika dawa. Itakuwa vibaya zaidi. Wao wavizike pamoja nawe. Waite."

"Hawatakuja."

"Basi wafuate. Mimi leo nalala zahanati. Kesho asubuhi nitarudi, niwaeleze wote kwa pamoja. Lakini kuwaita ni kazi yako."

Alipobaki peke yake, Maduhu alikaa akiwaza. Aende kwa Mihayo mikono mitupu? Miezi mitatu hakwenda kwa sababu hiyo hiyo. Alasiri aliingia jikoni, akawasha moto, akabandika sufuria ya maji. Mzee wa Kisukuma kusonga ugali! Kwa jinsi watu walivyoishi siku zile, lilikuwa jambo la kuchekwa mwaka mzima. Maduhu hakuwa na jingine. Alitia unga mwingi, akaongeza maji, akaongeza unga. Mwiko ulikwama. Alivuta kwa mikono miwili, akajiunguza kidole, akamwita Nyamizi bila kukusudia. Alisimama kidogo akalia, moshi ukiwa mwingi kiasi kwamba hata yeye hakujua machozi yapi ni ya nini. Kisha akaendelea kusonga.

Jua lilipokuwa likizama alitoka na ugali wake juu ya ungo, akapita kwenye mwanya wa minyaa.

Kwa Mihayo walikuwa wakila. Mihayo, Mageni na Masele waliganda vigodani mwao. Wanawake walichungulia kutoka jikoni. Maduhu aliweka ungo chini, karibu na chakula chao. Hakuna aliyemkaribisha, wala hakuna aliyemfukuza.

Alijua wanawaza nini kuhusu chakula chake. Basi alikata tonge kubwa, akalila yeye mwenyewe mbele yao. Alimeza kwa shida. Kisha akasema.

"Nimesikia mnasema nimewatega. Sina dawa. Nyamizi aliuawa na nzi. Mganga wa zahanati ndiye aliyeniambia. Vile vyungu ni vya kuulia nzi. Niliviweka pale ili mkija kula nzi wasiwaguse. Kumbe nimekosea. Vinanuka, nami sikujua. Bwana afya ameniambia leo."

Maduhu aliendelea, na sauti yake ilikuwa si ile ya kwanza.

"Nami nilidhani mmenikimbia kwa sababu mke wangu hayupo. Nilidhani mmechoka kunilisha. Ndiyo maana sikuja. Leo nimeleta."

Mihayo aliangalia ugali. Kisha alimwangalia Maduhu kwa hasira, hasira ya mtu aliyeumia.

"Ulidhani tulikuwa tunafuata ugali?" aliuliza. "Miaka thelathini, Maduhu. Ugali?"

"Nanyi mlidhani ningewaroga," alijibu Maduhu. "Miaka thelathini."

Mihayo alinyoosha mkono, akakata tonge kutoka kwenye ugali wa Maduhu. Mkewe alishtuka kule jikoni. Mihayo alitia tonge kinywani, akatafuna. Akatafuna tena. Akatoa donge la unga mbichi, akaliinua mbele ya moto wote walione.

"Jamani," alisema, "tangu lini ugali ukawa na mifupa?"

Masele ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ule mguu wake uliokuwa unauma. Wakacheka wote, hata wanawake jikoni. Maduhu alicheka pia huku akifuta uso. Wakaula ugali ule, mbichi ndani na umeungua nje, wakaumaliza.

Asubuhi Donatus aliwakuta wote uani kwa Maduhu, wanaume na wanawake, kila mmoja amejiziba pua. Aliwaonyesha funza na viganda. Mageni alishika kiganda kimoja, akakipasua, akaona nzi mchanga amejikunja ndani. Alikitupa haraka.

Walichimba shimo refu, la kufika kiunoni. Wakamwaga yote yaliyokuwa vyunguni, wakakwangua udongo uliooza chini ya miti, wakautia humo. Wakafukia kwa udongo mwingi na kuushindilia kwa miguu. Vyungu Maduhu aliviosha kwa majivu na maji ya moto. Akavirudisha jikoni vikae tu, visipikiwe tena.

"Sasa tuweke mtego wa kweli," alisema Donatus. "Upepo wa hapa unakwenda wapi?"

Masele alirusha vumbi juu. Lilipeperuka upande wa zizi, mbali na nyumba.

"Vizuri. Mtego ukae upande huo, ili upepo uchukue harufu, usiilete kwenu."

Walihesabu hatua arobaini kutoka nyumbani, wakapita zizi, wakafika mwisho wa bustani ya mboga. Hapo hapakuwa na mtu wa kukaa, na jua lilipiga vizuri. Nzi hupenda mahali penye jua. Waliweka debe moja tu la Mihayo, lenye kifuniko cha tundu, juu ya jiwe.

"Tutie matumbo?" aliuliza Maduhu.

"Hapana. Nyama iliyooza inawaita zaidi wale nzi wakubwa wa kijani. Hawa wadogo wanaoingia nyumbani hupenda kitu kichachu. Tia machicha ya pombe na maziwa yaliyochacha kidogo, uongeze maji ya kuwazamisha. Harufu yake haimkeri mtu. Kila wiki mwaga shimoni na ufukie, usiuache ujae. Halafu unawe mikono kwa sabuni."

"Basi nzi watakwisha?" aliuliza Paskalia.

"Kwa mtego peke yake, hawatakwisha. Mtego unaua waliokwisha kuzaliwa. Uchafu unazaa wengine." Donatus aliwatembeza. Aliwaonyesha tundu la choo lililo wazi, akawafundisha kutengeneza kifuniko cha mbao chenye mshikio. Aliwaonyesha samadi iliyolundikwa karibu na jiko. Ipelekwe shambani, alisema, isikae hapa wiki nzima. Aliwaambia chakula kifunikwe kwa ungo tangu kinapoipuliwa. Mwisho aliuliza jinsi wanavyonawa kabla ya kula.

"Kwenye bakuli," alisema Mihayo. "Wa kwanza mkubwa, kisha wengine."

"Bakuli moja? Maji yale yale?" Donatus alitikisa kichwa. "Basi wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Mmoja amimine maji kwa kibuyu, mwingine anawe. Maji yaanguke chini."

"Wa mwisho ni mimi siku zote," alisema Masele. "Wabeja, asante sana, bwana afya. Miaka thelathini nanawa uchafu wa Mihayo!"

Baada ya wiki tatu nzi walipungua sana. Hawakwisha, maana ng'ombe walikuwapo. Lakini mtu aliweza kula bila kupunga mkono. Tangu siku ile mpaka mavuno, hakuna mtu aliyehara damu katika miji ile minne. Vigoda vinne vilikaliwa kila jioni. Paskalia aliwaambia wanawake wenzake wasonge zaidi kidogo, ili Maduhu asiingie tena jikoni. Alisema afadhali nzi kuliko ule ugali.

Mwezi wa sita Stanslaus aliteremka kwenye lori pale Tinde, amebeba sanduku tupu la kutilia vitu vya baba yake. Alifika jioni. Aliwakuta wanaume wanne wakicheka, na Mageni akiwamiminia wengine maji kwa kibuyu.

"Nawa, mwanangu," alisema Maduhu. "Ukae."

Kesho yake asubuhi baba na mwana walisimama zizini, karibu na kaburi la Nyamizi.

"Siendi, Stanslaus," alisema Maduhu. "Usikasirike. Upweke haujaniisha. Nikiingia ndani bado namtafuta mama yako. Lakini jioni nina watu."

Stanslaus alikubali kwa kichwa. Alikwangua samadi kwa kiatu. Kisha akasema bila kumtazama baba yake, "Nilitaka uje kwa sababu mimi ndiye ninayekula peke yangu."

"Wewe? Kule watu si mamia?"

"Mamia, baba. Huyu Mha, huyu Mnyamwezi, huyu Mkurya. Tukitoka chini ya ardhi kila mmoja anapika kwake, anafunga mlango. Mwaka wa pili sasa. Jirani yangu simjui jina."

"Anajua kwamba ungependa kula naye?"

"Mambo kama hayo mtu hasemi, baba."

Maduhu alimshika mwanawe bega. Hakuwa amemshika hivyo tangu akiwa mtoto. "Mimi sikusema miezi mitatu," alisema. "Nusura nihame kwangu. Ukirudi, songa ugali mwingi kuliko tumbo lako. Ugonge mlango wa kwanza."

"Sijui kusonga vizuri."

"Hiyo ndiyo itasaidia."

Stanslaus alirudi Geita na sanduku lake likiwa limejaa michembe. Mwezi wa nane ilikuja barua. Safari hii Paskalia aliingia uani, akaketi, akaisoma mbele ya moto, wote wakisikiliza.

"Baba, shikamoo. Hatujambo. Sasa tunakula watu watano, nje, mbele ya chumba changu. Jirani yangu anaitwa Bartholomeo. Shida yetu ni nzi, baba. Ni wengi mno. Niandikie unavyotengeneza ule mtego wako. Mimi mwanao, Stanslaus."

Paskalia alichukua karatasi na kalamu. Masele na Mageni walianza kusema kwa pamoja, huyu anataja machicha, yule kifuniko cha choo. Maduhu aliinua mkono wakanyamaza.

"Andika," alimwambia Paskalia. "Kwanza, aanzie pale wanapokula. Akiwa na mtego mkononi, atembee hatua arobaini akiondoka hapo. Asichoke njiani. Mengine nitamweleza akishazimaliza hatua hizo."